Sheha Hakuingia Chumbani

Bangi ilikuwa yangu. Nalisema hili mwanzo, maana mahakamani sikulisema hata mara moja. Niliianza uzeeni, nilipodanganywa kuwa inatuliza magoti. Magoti hayakutulia.

Asubuhi moja polisi walipiga hodi nyumbani kwetu Amani. Walikuja na sheha wa mtaa ashuhudie upekuzi, kama inavyotakiwa. Mke wangu ndiyo kwanza ametoka kuoga, yumo chumbani na kanga moja. Askari wa kike akaingia peke yake. Sheha akageukia ukuta.

"Ingia, Sheha, ushuhudie," askari mwengine akamhimiza.

"Chumbani kwa mke wa mtu? Astaghfirullahi! Mimi nnakaa nje."

Akakaa barazani. Na mimi, mtuhumiwa, nikamtilia kahawa na kumsogezea kashata. Askari alipotoka na kifurushi, sheha alitia saini kuwa ameshuhudia, kisha akaomba kikombe cha pili.

Nikafungwa. Nikakata rufaa.

Wakili wangu, binti mdogo kuliko wajukuu zangu, hakubishana habari ya bangi. Alimsomea jaji majibu ya sheha katika kesi ya kwanza, basi.

"Kifurushi kilipotolewa, ulikuwa wapi?"

"Barazani."

"Uliona kilikotoka?"

"Nitaonaje, na ukuta uko kati? Nlikuwa nnakunywa kahawa."

Karani akajikoholesha kuficha kicheko. Jaji hakucheka. Alisema shahidi aliyeletwa aone hakuona kitu, na neno la askari mmoja peke yake halikumtosheleza. Akaniachia huru. Nilitaka kufurahi, lakini nilikuwa nikiifikiria sura ya mke wangu. Tangu nifungwe alikuja kunitazama mara moja tu, akaleta sabuni, akaondoka.

Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Hakuinuka.

"Wameniachia," nikasema. "Jaji kasema hakuna shahidi aliyeona."

"Mimi nliona." Mbuzi haikusita. "Chini ya godoro, upande wako. Yule askari kanyanyua, mimi nimesimama pale pale na kanga yangu. Hakuna aliyeniuliza."

"Na wangekuuliza?"

"Ningesema kweli, bwana wee. Ulitaka nikaapie msahafu kwa ajili ya magoti yako?"

Nikamwomba radhi. Sikutaja magoti, wala walionidanganya. Alikuna nazi mpaka ikaisha, ndipo akaniangalia.

"Kaoge kwanza," akasema. "Unanuka jela."