Picha ya Aliyekwisha Kuwekewa Matanga

Siku nilipompiga picha Espérance, kwao Bukavu walikuwa wamemaliza matanga yake. Mama yake alikuwa amenyolewa nywele, majirani wamekula na kutawanyika, na nguo alizoziacha sandukuni zimegawiwa binamu zake. Espérance mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu kwenye lango la Galerie d'Ixelles, mjini Brussels, akitafuna mkate na kunihimiza nifanye haraka kwa sababu vidole vya miguu vinamwuma kwa baridi.

Lakini nianze na kilichonitoa nyumbani.

Gazeti letu la Dar es Salaam, ambako ninachora na kupiga picha, lilipata barua kutoka shule moja ya sanaa ya Ubelgiji. Walitaka wachoraji wachache kutoka nchi za joto wakauangalie mji wao wakati wa baridi kali, miezi mitatu, kisha wafanye maonyesho madogo. Mhariri wangu aliisoma barua, akanitazama, akasema, "Zuhura, wewe ndiye unayelalamikia joto kila siku. Haya, kaione baridi." Niliondoka mwanzoni mwa Desemba, mwaka wa tisini na sita, nikiwa na kamera moja, mikanda ishirini ya filamu, madaftari manne ya kuchorea na sweta la kaka yangu.

Shule ilinipangia chumba Anderlecht, kitongoji cha Brussels, ghorofa ya kumi na moja, katika mojawapo ya majengo marefu ambako kodi ni nafuu. Dirishani niliona mapaa ya maghala na mabomba yanayotoa moshi mweupe, ulionyooka kama kamba. Saa mbili asubuhi bado giza; watoto walikwenda shule chini ya taa za barabarani. Hadi saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limekwisha kuaga. Kwa hiyo nilikuwa na saa nane tu za mwanga, na nyingine zilikuwa mwanga wa jina.

Wiki mbili za kwanza nilijifunza kazi yangu upya. Wino wa kalamu uliganda. Rangi za maji ziligeuka barafu juu ya karatasi kabla sijaondoa brashi, zikaacha michirizi kama majani ya mkangaga. Mchoro mmoja wa mfereji wa Anderlecht uliharibika hivyo, na ndio Wabelgiji walioupenda kuliko yote. Nikahamia penseli. Betri ya kamera ilikufa ndani ya nusu saa, basi nikawa naihifadhi kwapani na kuitia kamerani nikishaona cha kupiga. Nikiingia ndani lenzi ilitoka jasho, nikajifunza kuiacha kamera imefungwa kwenye mfuko hadi izoee joto. Nikajiona nimezimaliza hila zote za baridi. Hapo nilijidanganya.

Metro ndiyo iliyonifikisha Matonge, mtaa wa Waafrika, nikibadilisha treni mara moja. Siku hiyo nilishuka kituo cha Porte de Namur kwa kutafuta joto tu, nikafuata harufu ya samaki wa kukaanga na mafuta ya nywele hadi ndani ya Galerie d'Ixelles, ambako saluni za Kiafrika zimepangana pande zote mbili. Katika moja nilisikia Kiswahili. Nikasimama mlangoni, nikabisha hodi.

Mwenye saluni, Maman Clémence, mzaliwa wa Uvira, alinitazama kwenye kioo bila kugeuka, mikono ikiendelea kusuka.

"Ingia, ufunge mulango, baridi hailipake kodi hapa. Weye ni wa wapi, maman? Unaongeaka Swahili ya radio."

"Tanzania."

"Njo vile! Bon, ikala pa kiti ile. Utatusomea habari."

Tangu hapo nilikwenda karibu kila siku. Wateja, wengi wao watu wa Kivu, mashariki ya Zaire, waliomba niwapige picha za kupeleka nyumbani, nami nikakubali. Mwisho wa Desemba nilizipanga picha zile mezani kwangu, kwa mpangilio wa tarehe kama nilivyozoea, nikaona jambo: watu kumi na mmoja wamevaa koti moja. La ngozi nyeusi, refu, lenye kola ya manyoya, na kifungo cha pili kimekosekana kwa wote. Kesho yake nilimwuliza Maman Clémence. Alicheka hadi akaweka kitana chini.

"Donc weye ulizani kila muntu yuko na yake? Ile manto iko ya bote. Iko nyuma ya mulango. Unavaa, unapiga foto, unarudisha."

Akanieleza na sheria nyingine, ambazo hakuna aliyeziandika lakini wote wanazishika. Picha ya kwenda nyumbani haionyeshi theluji, maana mama atalia. Haionyeshi ndoo wala ufagio. Haionyeshi nguo za kazi. Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. "Andika," alisema. "Kule kwetu nani anasomaka gazeti ya Dar?"

Wiki ya kwanza ya Januari baridi ilifika nyuzi kumi chini ya sifuri, na mfereji wa Anderlecht ukaganda kabisa. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, nikiwa saluni, Espérance aliingia na barua mkononi. Nilikuwa nikimfahamu kwa sura: mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayetunza bibi mmoja mgonjwa nje ya mji. Hakuketi. Alimpa Maman Clémence barua, naye akaisoma kwa sauti hadi katikati, kisha akaimalizia kimoyomoyo.

Barua ilitoka kwa binamu yake aliyeko Cyangugu, upande wa Rwanda, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu. Tangu vita vya Oktoba simu za Bukavu zilikuwa zimekatika. Katika wale waliokimbia na kurudi, mmoja alileta habari kwamba Espérance alifariki Ubelgiji mwezi wa Septemba. Kweli alifariki mtu: mwanamke mwingine wa Kivu, mwenye jina hilohilo, katika hospitali moja ya Brussels. Mama aliweka matanga. Binamu alipomwambia kuwa Espérance yu hai, alijibu kwamba wanamdanganya ili asife kwa uchungu. Wakampelekea picha ya Espérance ndani ya koti, iliyopigwa Mei. Mama akaitazama, akasema: koti hili nimeliona kwa mtoto wa jirani na kwa mkwe wa mwalimu. Hii ni picha ya zamani, kabla hajafa. Halafu akaacha kula.

"Hakulake tangu Noël," alisema Espérance. "Anakunywa maji tu na kidogo bouillie, ile uji. Iko na miaka soixante-huit, sitini na munane, mama yangu."

Nilisema ninaweza kumchora pale pale. Maman Clémence alinikatiza.

"Dessin? Hata mufu banamuchora, maman."

Espérance alikuwa amekwisha kufikiri. "Miye nilifika hapa avril. Neige, ile theluji, sikuionaka hata siku moja, na mama anajua. Nataka foto na neige ku mukono. Muntu alikufa septembre hawezi kushika neige ya janvier."

Alikuwa na nafasi moja tu. Ijumaa saa tano alipaswa kuingia kazini kwa yule bibi, na angetoka Jumatatu. Muuguzi mmoja wa parokia yao alikuwa anaruka kwenda Kigali Jumapili alfajiri, naye alikubali kuchukua bahasha. Tukapatana Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi, mwanga ukishatosha.

Usiku wa kuamkia Ijumaa theluji ilikuwa imeanguka kidogo, nyepesi kama unga. Maman Clémence alitoka saluni na koti begani. Espérance alikataa kulivaa. Alikuwa na blauzi ya bluu ya kazini, sweta juu yake, na viatu vya mpira.

"Unapata wazimu?" Maman Clémence aliuliza. "Unataka mama akuone unafanyaka boyerie, kazi ya ndani ya bantu?"

"Alinizika na manto ya muzuri. Afazali anione masikini lakini muzima."

Maman Clémence aliguna, akalikunja koti kwapani, akabaki kutazama. Espérance alijinyoosha hadi kwenye paa la gari lililoegeshwa, akachota theluji kwa mikono yote miwili. Nilipiga ya kwanza akiwa amekaza uso kama wa pasi ya kusafiria. Ya pili macho yamefumba. Kisha baridi ikamwingia vidoleni, akapiga kelele, "Iko nachoma! Clémence, neige iko nachoma!" akaangua kicheko, nami nikapiga mbili mfululizo. Nilipovuta mkono wa kamera kusogeza filamu nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kikivunjika. Mkono ukalegea.

Filamu ilikuwa imekatika ndani. Kufungua kamera kwenye mwanga kungechoma kila kitu. Nilimwambia Espérance ukweli. Hakunilaumu. Alitazama saa, akajifuta mikono kwenye blauzi, akasema, "Fanya unayoweza, maman," akaelekea metro. Nilimwona anashuka ngazi bila kugeuka.

Maman Clémence ndiye aliyenielekeza kwa Père. Ni padre wa Kibelgiji, mzee sana, aliyefanya kazi milima ya Kivu nusu ya umri wake, na sasa anaishi katika nyumba ya wamisionari waliostaafu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ana chumba cha giza chini ya ngazi. Siku hiyo alikuwa kwa daktari. Akapiga simu saluni jioni kwamba nije kesho mchana.

Jumamosi saa nane mchana nilibonyeza kengele yake. Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu aliyepinda mgongo.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Père, mimi ni Mwislamu, lakini shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Hiyo inatosha. Leta ile kamera. Uliivuta na nguvu?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya Dar es Salaam! Binti yangu, filamu ni kama jani la mugomba. Baridi inalikausha. Unalivuta polepole, au linapasuka."

Alitaka kunipa kahawa. Nilimwambia nimefunga, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Akaweka kikombe chake chini. "Basi na miye nitangoja," alisema, nikashindwa kumzuia.

Chumbani mwake tulizima taa, giza likawa zito. Nilisikia mlango wa kamera ukifunguka, kisha vidole vyake vikipapasa. Alipumua kwa nguvu. Kitu kikakwaruza.

"Vipi, Père?"

"Nyamaza, mama. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, isikusikie unaogopa."

Nilihesabu pumzi zangu, nikafika mia moja na kitu, ndipo nikasikia kifuniko cha kopo la kusafishia filamu kikijifunga. Akawasha taa. Filamu ilikuwa ndani, salama. Baada ya dawa na maji aliivuta nje na kuiinua kwenye balbu. Kipande cha mwisho kilikuwa na meno meno pale kilipopasuka. Ufa uliishia upana wa ukucha kutoka kwenye picha ya nne. Kwenye negativu Espérance alikuwa na uso mweupe na theluji nyeusi mikononi, kila kitu kimegeuzwa, lakini kicheko kilionekana hata hivyo. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Picha zilipokuwa zinakauka nilimchora Père, amelala kitini na kikombe chake bado kitupu pajani. Saa kumi na moja na dakika chache jua lilizama. Nilimwamsha. Tulifuturu kwa biskuti na kahawa yake ya mchana, naye akanitania kwamba mfungo wa Ubelgiji ni mfupi hivi kwamba hata Wakatoliki wangeuweza. Saa moja jioni nilikuwa parokiani kwao Espérance, namkabidhi muuguzi bahasha yenye picha mbili. Kwenye metro ya kurudi Anderlecht nililala, nikapitiliza vituo vitatu, wala sikujali.

Mwisho wa Februari maonyesho yalifanyika. Picha ya Espérance haikuwekwa. Mwenyewe aliomba hivyo. Maman Clémence alikuja amevaa lile koti, akawaacha Wabelgiji wamzunguke wakimwuliza ni wa nchi gani.

Nimerudi Dar es Salaam siku kumi zilizopita. Nilishuka ndegeni na sweta la kaka yangu mkononi, na jasho la kwanza lilinifurahisha kuliko nilivyodhani. Nimejifunza kuvuta filamu polepole. Nimejifunza pia kumwuliza mtu, kabla sijamweka mbele ya lenzi, ni nani atakayeitazama picha hiyo na anataka kuona nini. Miaka yote hii gazetini sikuwa nikiuliza.

Jana nilipata barua ya Espérance. Muuguzi alifika salama. Binamu aliipokea bahasha Cyangugu, akavuka nayo daraja la kwenda Bukavu, akaikuta nyumba ya mama imefungwa. Majirani walisema ameondoka kwa miguu kwenda kwa dada yake, Walungu. Binamu hakuweza kufika huko, njia haikuwa nzuri. Bahasha akampa mwanamke mmoja anayeuza sabuni, ambaye huvuka daraja kwenda soko la Walungu kila Jumatano. Tangu hapo zimepita Jumatano nne, na yule mwanamke hajaonekana darajani.