Mipigo Mia na Thelathini na Moja ya Bosi Ludovick

Jamani, mimi ndiye yule dada wa gofu aliyesimama mbele ya kipaza sauti hapa Dodoma akajinyang'anya ushindi kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndiyo. Nilitangazwa mshindi, vigelegele vikapigwa, mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Hapana."

Wengine wakasema nimerogwa. Subirini niwape mkasa wenyewe, halafu mnicheke vizuri.

Naitwa Emiliana, mzaliwa wa Bahi. Nacheza gofu ya kulipwa, ingawa mama mkubwa wangu akiulizwa kazi yangu anasema, "Anapiga vimpira na wazee wa mjini."

Uwanja wetu msiufikirie kama vile vya kwenye TV. Majani ni mpaka mvua inyeshe. Kuzunguka shimo hakuna nyasi, ni mchanga uliochanganywa na oili chafu, na kabla ya kusukuma mpira unausawazisha kwanza mchanga huo kwa reki. Ukirudi nyumbani unaoga mara mbili na bado shuka linachafuka.

Mwaka jana yakaja mashindano makubwa. Wanawake wa kulipwa tulikuwa kumi na mmoja, na mshindi peke yake ndiye angepelekwa Zambia kwenye mchujo wa ligi ya kimataifa. Nina miaka thelathini na nne. Mchujo huo nilishaukosa mara tatu. Nilijua nikiukosa na huu, basi tena.

Wafadhili wakaweka sharti: kila mchezaji acheze na mgeni mwalikwa mmoja. Mimi nikaangukiwa na Bosi Ludovick, mkurugenzi wa kampuni moja hapa mjini.

Akaja na kofia mpya, lebo bado inaning'inia. Glavu, ambayo sisi huvaa mkono mmoja tu, yeye kavaa yote miwili, utadhani anakwenda kurina asali.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye utanibebea begi?"

"Hapana, bosi. Mimi ndiye mchezaji."

"Ahaa! Safi sana. Akina mama siku hizi mnajitahidi."

Matonya, mbeba begi wangu, mtu mzima aliyenifundisha mchezo huu tangu sijui kushika fimbo, akageukia pembeni akakohoa. Kikohozi gani, alikuwa anacheka.

Sasa sikilizeni, maana kesi yote iko hapa. Kwenye gofu mwenye mipigo michache ndiye mshindi, na hujiandikii mwenyewe. Mimi nashika kadi yako nakuandikia mipigo yako, wewe unashika yangu. Mwisho kila mtu anaisoma kadi yake, anaweka saini. Ukisaini mipigo pungufu ya ile uliyopiga, unaondolewa. Hakuna cha samahani.

Nikamweleza bosi yote hayo. Akaitikia kwa kichwa, macho kwenye simu.

Shimo la kwanza akapiga hewa mara tatu. La pili akapiga udongo, nikala vumbi mimi. La tano mpira ukaingia kwenye miiba, akazama nao, tukasikia tu matusi. Akatoka shati limechanika, mpira ukatangulia mbele yake. Nilimwona. Aliusukuma kwa kiatu.

"Niandikie tano, binti."

"Bosi, ni tisa."

"Tano. Mimi ni mtu mzima, siwezi kudhalilika mbele ya wafanyakazi wangu." Akashusha sauti. "Na hiyo safari yako ya Zambia, nani unadhani anakaa kwenye kikao cha wafadhili?"

Nikamtazama Matonya. Matonya akatazama mawingu.

Nikaandika tisa.

Na shimo lililofuata nikaandika nane, na lililofuata kumi. Bosi hakuchungulia hata mara moja. Mimi mpira ulikuwa unanitii siku hiyo, basi raha mbili: napiga vizuri, na bosi nimemweka mfukoni.

Tukafika meza ya matokeo. Alikuwepo Yusra, mwamuzi, dada mmoja hacheki na mtu.

"Someni kadi zenu, kisha saini."

Bosi akachukua kalamu. "Sehemu ya saini iko wapi?"

"Usome kwanza, mzee," Yusra akasema.

"Mwanangu, ofisini naletewa mafaili hamsini kwa siku. Nikisoma yote nitakula saa ngapi?"

Akasaini. Mipigo mia na thelathini na moja, jina lake kamili chini yake. Weee! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamfinya Matonya, na huku nacheka nikavuta kadi yangu, nikasaini, nikairudisha.

Saa kumi na moja wakatangaza. Wakaanza na wageni.

"Nafasi ya mwisho, Bwana Ludovick, mia na thelathini na moja!"

Wafanyakazi wake waliinama wote kwa pamoja, kila mmoja ghafla kamba ya kiatu imemfunguka. Bosi alinitazama, sikumwelewa. Hakukasirika.

"Na kwa wanawake wa kulipwa, mshindi ni Emiliana! Mipigo sabini!"

Vigelegele. Matonya akalia.

Sabini? Nilipiga sabini na mbili. Wa pili alikuwa na sabini na tano, nilikuwa nashinda hata hivyo!

Bosi akaniinamia sikioni. "Umeona, binti? Wewe umenichoma, mimi nimekubeba. Shimo la nane nimekutolea moja, la kumi na nne moja. Nilikuonea huruma. Ndivyo tunavyoishi mjini."

Mungu wangu. Yule mzee alinipa zawadi.

Hakuna aliyejua. Ni yeye na mimi. Zambia ile pale, ningenyamaza tu. Lakini nusu saa iliyopita nilikuwa namcheka mtu kwa kadi ya kweli. Ningeipokea ya uongo kwa uso gani?

Nikanyoosha mkono.

Yusra alisikiliza, akafunga daftari. "Ulisaini pungufu. Umeondolewa." Zambia akaenda wa sabini na tano.

Bosi alishangaa kwa dhati kabisa. "Sasa binti, kwani hukusoma?"

Nikaivuta kadi yangu mezani, nikaisoma pale pale, nimeshachelewa.

Siku hizi nafundisha wanafunzi wa chuo, hapo Chimwaga, kupiga mpira. Kabla hawajagusa fimbo wanasoma kadi kwa sauti. Mimi mwenyewe nasoma kila kitu, hata gazeti lililofungia vitumbua. Mnaocheka wakubwa wanaosaini bila kusoma, chekeni, ila kwanza mtazame kalamu zenu ziko wapi.

Maana Ludovick bado anakuja uwanjani kila Jumamosi, glavu mbili, anamwambia kila mgeni, "Kati yangu na yule profesheno, kadi halali ilikuwa yangu."

Na kinachoniuma ni kwamba hasemi uongo.