Chakula cha Egesa

Mataruma ya reli yakipigwa na jua la mchana hutoa harufu ya lami, mbao na mafuta mazito, na harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Wengine watakwambia utoto wao ulinukia maziwa au maua. Wangu ulinuka reli. Baba alikuwa kwenye gengi la kutengeneza njia ya gari moshi pale Malaba, upande wa Kenya, miaka michache baada ya Uhuru, na nyumba yetu ilikuwa karibu sana na stesheni, hata treni ya mizigo ikipita vikombe vya Mama viligongana kabatini. Ukisimama uani uliuona mwamba wa Tororo ng'ambo, umekaa peke yake kama chungu kilichofunikwa. Shuleni tuliambiwa kwamba ng'ambo hiyo ni nchi nyingine, lakini sisi tulivuka mto kwenda sokoni Tororo na kurudi na ndizi kichwani bila mtu kutuuliza jina. Mwulizaji nilikuwa mimi. Baba alinibandika jina la Bi Kwa-Nini, na Mama alisema mdomo wangu ungefaa kuajiriwa polisi. Sikujali. Kuuliza si ujinga, na nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja lililoniwasha kuliko upupu.

Jambo lenyewe lilikuwa sahani. Kila jioni Mama alipopakua ugali wa wimbi na muhogo, pamoja na mboga ya mrenda au dagaa wa omena walioletwa kutoka Budalang'i, Kukhu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bukhayo, na huyu alikuwa mama yake Baba. Alichukua sahani ya bati yenye ua jekundu, akaijaza chakula kizuri kuliko chetu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya rafu. Hakuna aliyeigusa. Kulipokucha alikuwa akiwamwagia kuku, na kusema kweli, kuku wetu walinenepa kuliko sisi watoto. Nilijaribu kumuuliza Mama chakula kile ni cha nani. Alinitazama kwa jicho lile ambalo kila mtoto wa Kiafrika analijua, nikashika njia yangu.

Jibu nililipata stesheni. Kila ilipofika siku ya treni ya abiria kutoka Kampala, Kukhu alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga leso ya samawati iliyopauka, akachukua kikapu chenye viazi vitamu vya kuchemsha na simsim ya kuponda, akaniambia, "Nabwire, twende." Tuliketi juu ya rundo la mataruma, hapo kwenye harufu yangu. Treni ilikuja ikihema, ikasimama kwa kelele za chuma, watu wakashuka: akina mama na mikungu ya matoke, wafanyabiashara Waislamu wa Busia na majora yao ya nguo, vijana wenye viatu vya kung'aa. Kukhu hakuangalia mizigo. Aliangalia uso wa kila mwanamume aliyeshuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka gadi akapuliza filimbi. Treni ikishaondoka alinipa viazi vile, nami nilivila bila haya. "Tunamngoja nani, Kukhu?" nikamuuliza siku moja mdomo umejaa. "Baba yako mdogo, Egesa." "Atakuja lini?" Akajipangusa vumbi la reli magotini. "Akifika."

Kidogo kidogo nikaunga vipande. Egesa alikuwa kitindamimba wa Kukhu, na kabla sijazaliwa alipanda treni kwenda upande wa Kasese, kwenye migodi ya shaba. Mwanzoni alikuwa akituma salamu kwa magadi wa treni, na mara moja alituma leso, hiyohiyo ya samawati. Kisha salamu zikakatika. Mmoja aliyetoka huko alisema amemwona, mzima, ameoa. Mwingine alisema mgodi uliporomoka na watu wakabaki ndani. Wa tatu alisema hayo yote ni porojo. Kukhu aliposikia habari hizo aliacha shamba lake Bukhayo, akaja kuishi nasi Malaba, kwa sababu moja tu: treni. Majirani walimwambia ngojangoja huumiza matumbo. Yeye akawajibu kwamba subira huvuta heri, tena tumbo ni lake. Mimi nilimpenda huyo Egesa nisiyemjua. Nilitaka kujua kila kitu: alikuwa mrefu? Alijua kupiga mluzi? Alipenda mrenda? Kukhu hakuchoka kunijibu. Nadhani katika nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimuuliza.

Mvua za masika zilipoanza, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Tulifurahi, Baba akachinja jogoo mmojawapo wa wale walionenepa kwa chakula cha Egesa. Lakini baada ya siku chache mtoto alianza kulia, na jamani, nimesikia watoto wakilia maishani mwangu, ila kilio kile sijakisikia tena. Alilia alfajiri, alilia mchana, alikataa ziwa. Baba na Mama walimpeleka zahanati. Mganga wa pale, mtu mpole, alimpima, akatoa dawa ya tumbo, akasema warudi naye akizidi. Akazidi. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Mama Amoit, jirani yetu Mteso, alikuja kila asubuhi kumsaidia Mama kazi, akimtazama mtoto na kusema "Woi, woi" kwa sauti ya chini.

Kwetu, mtoto akilia hivyo, watu wazima wanasema anadai jina. Kuna mmoja katika wazee waliotangulia anayetaka kurudi kwa jina, na mtoto hatanyamaza mpaka atajwe huyo. Basi Kukhu akamweka mtoto magotini, akaanza kuita. Alimwita marehemu mumewe, mtoto akalia. Akaita shemeji zake, akaita baba mkwe aliyewinda viboko mto Sio, akaita hata watu ambao Baba mwenyewe hakuwahi kuwasikia. Mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza. Majina yakaisha. Nikaona Baba amemkazia Kukhu macho, akingojea. Kukhu akamrudishia Mama mtoto, akainuka, akasema anakwenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wamefungwa zamani, mimi ndiye niliyewafunga.

"Mbona hukumwita Egesa?" nikapayuka. Mama akanifinya paja, alama ikakaa. Kesho yake Mama Amoit aliniita nimsaidie kusaga wimbi, na huku tukisaga akanieleza kile ambacho kwetu hakuna aliyethubutu kukisema. "Mtoto, sikia. Nyinyi mnawaita walio chini ya udongo. Nyanya yako akimwita Egesa, halafu mtoto anyamaze, hiyo ni kusema nini?" Nilisimamisha jiwe. Nilielewa papo hapo. Mtoto akinyamaza, Egesa amekufa. Asipoitwa, pengine mdogo wangu ndiye atakayekufa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na swali.

Jioni hiyo Baba alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti mbele ya mama yake, yeye mtu mzima wa kubeba vyuma vya reli. "Mama, nakuomba. Mwite tu." Kukhu alikuwa akiifunika ile sahani. Hakugeuka. "Nikimwita leo, siku ya treni nitakwenda kumpokea nani? Na wewe ukimwita, mimi nitarudi Bukhayo kwa miguu, mvua hii ikininyeshea." Baba akainama. Ndipo Mama, ambaye hajawahi kumjibu mama mkwe wake hata kwa ukope, akasema kutoka kitandani: "Mama, wewe una mwana unayemngoja. Mimi wangu ninaye mkononi, naye anakwenda." Hakupaza sauti. Kilichosikika baada ya hapo ni kilio cha mtoto tu, tena kilikuwa kilio chembamba, cha mtu aliyechoka kudai. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siku hiyo walikuwa wazazi wawili chini ya bati moja.

Siku ya treni ilifika. Kukhu alivaa gauni la kanisani, akajifunga leso, lakini hakuchukua kikapu. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, miguu haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mvua ilikuwa imepumzika, ardhi inatoa mvuke. Nilikwenda nikachuchumaa kando yake, na kwa vile sikujua kufariji mtu, nikafanya kile nilichokijua. Nilimuuliza. Wallahi sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nataka kujua. "Kukhu, Egesa alipokuwa mdogo, akichunga ng'ombe kule mbali, ulikuwa ukimwitaje aje kula?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao. Kisha akainuka. Alitoka uani, akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko, akageukia ng'ambo kwenye ule mwamba, akaweka kiganja kando ya mdomo. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia. Haikuwa ya kizee hata kidogo. Ilikuwa ya mwanamke kijana anayemwita mtoto mtundu kutoka bondeni. "Egesaaa! We Egesa! Njoo ule! Chakula kinapoa!" Wanaume wa gengi waliokuwa relini waliacha sururu hewani. Akaita tena, kwa kugomba kidogo, vile mama anavyogomba anapojua mtoto amesikia ila anajifanya kiziwi. "Egesaaa! Usinichoshe! Njoo ule!"

Alipovuta pumzi ya kuita mara ya tatu, tukasikia kitu kilichotutisha sote: kimya. Nilikimbilia ndani nikidhani ndiyo yamekwisha. Mama alikuwa ameinama, machozi yanamdondokea mtoto kwenye utosi, na mtoto ananyonya. Ananyonya kwa fujo, ngumi imefumbwa, kama mtu aliyecheleweshewa. Baba aliingia na matope miguuni, akaangalia, akatoka mbio kumwambia mama yake. Kukhu alishuka kichuguuni polepole, akaingia, akasimama mlangoni. Sote tulijua jina lililotajwa ni lipi. Baba akajaribu: "Mama... basi ni yeye." Kukhu akamkatiza. "Mimi sikumwita mfu. Nimemwita mwanangu aje kula. Kama huyu mdogo ameitika, basi naye alikuwa na njaa." Akaenda akachukua kikapu chake, akatia viazi, akaniambia, "Nabwire, twende. Treni haitungoji."

Mtoto akaitwa Egesa, kwani angeitwa nani tena? Kukhu alimbeba mgongoni kwenda stesheni, na baadaye alimshika mkono, na baadaye kijana yule akawa anatangulia mbio mbele yake juu ya mataruma. Siku zote hizo sahani ya ua jekundu iliendelea kujazwa, kufunikwa na kupewa kuku. Egesa mdogo alijua kabisa kwamba ile si yake. Aliwahi kuinyooshea mkono akapigwa kofi la mkono, na hakurudia.

Sasa nikwambie siku ya mwisho. Kukhu alikuwa ameugua, macho yamefifia, na nilikuwa nimeketi naye jioni moja, ile sahani nimekwisha kumjazia na kuifunika, wakati mdogo wangu alipoingia kutoka shuleni, kaptura imechanika, vumbi mpaka kwenye kope. Kukhu alisikia hatua zake. Akageuza kichwa. "Egesa?" Mdogo wangu akaitika, "Naam, Kukhu." "Umefika?" "Nimefika." Alimtazama, sijui alimwona yupi, na mpaka leo ningelipa chochote kujua. "Umekula?" Mtoto wa shule hawezi kudanganya kuhusu njaa. "Bado." Basi Kukhu akaninyooshea kidole kuelekea rafuni. "Mpe chakula chake." Niliitoa ile sahani, nikaifunua, nikamwekea. Mdogo wangu alinitazama kwa woga, nikampa ishara ya kichwa. Akala. Kukhu alimwangalia tonge kwa tonge mpaka sahani ikabaki na ua jekundu peke yake, kisha akavuta leso ya samawati mpaka kidevuni akalala. Kulipokucha hatukuwa naye tena, na kuku hawakupata kitu.

Siku hizi nikienda Malaba napotea kwenye kijiji changu mwenyewe. Malori yamejipanga mpaka macho yanachoka, na ukitaka kuvuka kwenda Tororo unatoa kitambulisho. Mwamba bado uko palepale. Wajukuu wangu walipewa majina hospitalini kabla hata hawajapata nafasi ya kulia vizuri, majina ya kupendeza ambayo ulimi wangu unayakwepa, nami siwalaumu wazazi wao. Watoto wana afya, wananyonya, wanakua. Na baba yangu mdogo hakurudi. Hatukupata mwili wala habari. Mdogo wangu Egesa sasa ni mzee mwenye mvi, amempita umri mwenye jina.

Ila kuna jambo moja siwezi kulizoea. Tunazo simu sasa, unamwita mtu popote alipo ukiwa umekaa kwenye kochi. Asipopokea, dada yule wa ndani ya simu anakwambia kwa adabu zote kwamba mtu wako hapatikani, na watu wanakubali! Wanaitia simu mfukoni, wanaendelea na chai. Juzi nilimpigia Egesa aje kula kwangu, dada akaniambia hivyohivyo. Nikaiweka simu mezani. Nikatoka uani na magoti yangu haya mabovu, nikageukia upande uliko ule mwamba, nikaweka kiganja kando ya mdomo.