Mama Visanduku na kompyuta mia sita asizozigusa

Saa sita na dakika arobaini mchana. Katika chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amevuta kiti hadi kifua kinakaribia kugusa meza. Sahani ya chakula chake imefunikwa na haijaguswa. Kwenye kioo mbele yake kuna orodha ndefu ya majina ya kompyuta, kila jina na kitone chake cha kijani. Jicho lake halibanduki kwenye kitone kimoja.

Kompyuta hiyo iko mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka hapa, katika karakana ya miguu bandia. Tangu saa nne asubuhi inaongoza mashine inayochonga bonge la sponji ngumu kwa umbo la paja la mtu mmoja tu, tarishi mstaafu aliyekatwa mguu. Juu ya umbo hilo fundi atafinyanga kikombe cha plastiki ambamo paja litaingia. Kazi itakwisha saa nane. Ikikatizwa katikati, kisu hupoteza mahali kilipofikia, na bonge zima huwa takataka.

Wiki tatu zilizopita ilikatizwa, saa saba kamili mchana. Aliyeikatiza ni yeye.

"Leo nikiharibu tena, sijui nitamwambia nini yule mzee," anasema bila kugeuza shingo.

Wenzake wanamwita Mama Visanduku, na jina limemkaa. Kampuni yao hutunza kompyuta za watu kwa mbali: wateja thelathini na wanane, kompyuta mia sita na kumi na mbili, mafundi watatu. Nyingi hajawahi kuzitia machoni. Mama yake mzazi huwaeleza majirani kwamba binti yake analipwa kwa kuchungulia kompyuta za watu, naye amechoka kumsahihisha.

Programu wanayotumia ina mipangilio ya jumla iliyowekwa na bosi, nayo huteremka kwa wateja wote. Lakini kila mteja pia ana ukurasa wake. Humo fundi anaweza kutengeneza visanduku vya kujazia maelezo na kuvipa majina apendavyo: nani apigiwe simu, mashine ipi isiguswe, kompyuta zijizime na kujiwasha saa ngapi zikishapokea marekebisho. Kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mteja hushinda kile cha jumla, na hufuatwa na kompyuta zote za mteja huyo.

Kurasa nyingine ni kavu kama risiti. Za kwake zinasomeka. Kwenye ukurasa wa duka la dawa ameandika: "Piga kwa mke. Mume hasikii vizuri na atakubali kila kitu." Wa ofisi ya mawakili unasema: "Jumatatu usiguse chochote, wanakwenda mahakamani." Wa shule ya msingi: "Kompyuta ya maktaba iko chini ya dirisha linalovuja. Mvua ikinyesha halafu ikazimika, usianze kutafuta virusi."

"Bosi anasema ninaandika barua za mapenzi," anasema na kucheka kidogo. "Nikamwambia, basi wewe endelea kuandika zako za talaka."

Hakuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na miwili alikaa mapokezi katika kampuni ya bima, akiwapokea watu na kuwaandikisha kwenye daftari la wageni. Mafunzo ya ufundi aliyapata Jumamosi, miezi kumi mfululizo, huku dada yake akimlelea watoto wawili. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, na mwalimu alikuwa akimwamkia.

Ni lile daftari la wageni lililomponza. Humo, mgeni asiye na gari aliacha wazi nafasi ya namba ya gari, na kila mtu alielewa kwamba hakuna. Mazoea hayo alikuja nayo huku juu. Karakana ilipojiunga, fundi wa miguu bandia, mtu mrefu mwenye vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, alimweleza bayana kwamba watu wake hula saa saba lakini mashine haili. Inachonga moja kwa moja, na isizimwe. Akaitikia. Alipofika kwenye kisanduku cha saa ya kujizima, akakiacha kitupu. Kwake yeye, kitupu maana yake kamwe.

Kwa programu, kitupu maana yake fuata cha jumla. Na cha jumla kilisema saa saba mchana, kwa kuwa wateja wengi huzima kompyuta zao jioni wanapoondoka, na saa ya chakula ndiyo pekee ambayo zinawaka bila kutumika.

Kwa miezi miwili hakukutokea kitu, kwani hakukuwa na marekebisho ya kulazimisha kompyuta ile ijizime. Yalipokuja, mafundi wa karakana walirudi kutoka kula wakakuta mashine imekwama na kisu kimezama ndani ya sponji.

"Yule fundi mrefu alinipigia simu, na hakupiga hata kelele," anasema Mama Visanduku. "Aliniambia, 'Dada, mimi nilikuambia kwa mdomo wangu mwenyewe.' Afadhali angenitukana."

Alikaa chooni dakika kumi, kisha akatoka na kuomba namba ya simu ya mwenye mguu. Hakuna aliyemtuma. Tarishi huyo, aliyetembea na barua za watu kwa miaka thelathini na moja, alikuwa ameshasubiri miezi saba. Sasa ilibidi asubiri bonge jingine liagizwe kutoka mbali.

"Shikamoo baba," alianza, "mimi ndiye niliyezima ile mashine."

"Marahaba, mwanangu. Ulikusudia?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi nasubiri. Kukaa nimeshazoea, ila sikupendi sana kwa leo. Nipigie wiki ijayo."

Alimpigia wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Anakiri kwamba kila akikata simu alijisikia vibaya kuliko kama angefokewa.

Fundi wa miguu bandia aliiondoa kompyuta ya kuchongea kwenye programu siku ileile. Hata hivyo hakuwa na raha. Kabla ya hapo, programu hiyohiyo ilikuwa imegundua diski ya kompyuta ile inakufa, na vipimo vya wagonjwa mia tatu vikaokolewa. Kuiacha bila mwangalizi ni kubahatisha, na kuirudisha nako ni kubahatisha. Jumatatu ya wiki hii Mama Visanduku alipiga moyo konde, akapanda gari na kwenda karakana mwenyewe.

Waliketi kwenye benchi la kazi, katikati ya nyayo za mpira na bisibisi. Alifungua ukurasa wa karakana na kumsogezea fundi kompyuta ndogo. Safari hii hakumwomba maelezo. Alimwomba aandike mwenyewe. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akabonyeza kwa kidole kimoja: KAMWE MPAKA NISEME MIMI.

"Na nisiposema?" akauliza fundi.

"Kompyuta itangoja, nami nitakupigia kila Ijumaa saa kumi na moja jioni kukukumbusha. Utanichoka."

"Nimeshakuchoka," akajibu, na akairudisha kompyuta kwenye programu.

Saa saba kamili. Marekebisho mapya yamefika kwa wateja wote asubuhi hii, na kwenye kioo vitone vya kompyuta zinazojizima vinaanza kugeuka kijivu kimoja kimoja: vya duka la dawa, vya shule ya msingi, vya wakala wa mizigo. Baada ya dakika moja upande mzima wa orodha ni kijivu, kama mtaa uliokatiwa umeme. Mama Visanduku ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kitone cha karakana ni kijani.

Saa saba na dakika nne anapiga simu, na sauti ya fundi inasikika chumba kizima. "Inakula sponji tu. Na sisi tunakula. Na wewe kale, dada, tuache."

Hali chakula. Anangoja hadi saa nane na dakika sita, picha inapoingia kwenye simu yake: umbo jeupe la paja limesimama juu ya meza, laini, bila kovu. Analia, na hajifichi. Fundi mwenzake anamsogezea tishu huku akiendelea kuzungumza na mteja.

Akishanawa uso ndipo anapoeleza anachotaka. Anataka kompyuta ya mteja mpya isiingizwe kwenye programu kabla mteja hajajaza visanduku kwa mkono wake, na kisiachwe hata kimoja kitupu. Bosi, mtu wa haraka na mwenye simu mbili, anasema jambo hilo litawachelewesha. Amekubali lijaribiwe kwa wateja watano.

"Watano wananitosha kuanzia," anasema. "Mtu huijua mashine yake. Sisi kazi yetu ni kumuuliza vizuri."

Tarishi atavalishwa mguu Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mama Visanduku ameomba ruhusa ya nusu siku, na fomu imelala mezani kwa bosi. Kwenye nafasi ya sababu, ambako wengine huandika hospitali au msiba, yeye ameandika: "Kwenda kumwona mtu akitembea."

Bosi ameisoma mara mbili. Kisha ameichana na kumwandikia nyingine, ya siku nzima.