Mpishi wa Kwenye Kitabu cha Presha

Mama Miwani alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kukunja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha wawili, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzake wa kushikana ncha alikuwa Kibonge, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka, na kwa kuwa mikono ilijua kazi yake yenyewe, Mama Miwani alipata nafasi ya kusimulia aliyoyasoma.

Shule aliishia darasa la saba, lakini kusoma hakukuishia hapo. Vitabu vilivyosahauliwa na wagonjwa viliwekwa juu ya kabati la sabuni, naye alivichukua kimoja kimoja, cha hadithi au cha maarifa, hakuchagua. Riwaya ya ndugu wawili waliogombea nyumba ya baba yao aliisifu kwa maneno matamu, ila mwandishi alimwona ana moyo mgumu: kaua watu wanne kabla kitabu hakijafika nusu, na hata mmoja hakuombewa. Kile cha bwana aliyetembea kwenye barafu mpaka mwisho wa dunia alikirudisha akitikisa kichwa. Mtu mzima, ana mke na watoto, anaacha moto nyumbani akatafute baridi! Kibonge alicheka hadi shuka likamponyoka.

Kisha kikaja kitabu chembamba cha presha. Kilisema ugonjwa huo mara nyingi haupigi hodi, na ukipiga, umeshaingia. Mama Miwani alikisoma siku mbili, na kila ukurasa alimwona Kibonge: kichwa kinachogonga asubuhi, pumzi inayokatika kwenye ngazi. Akamweleza. Kibonge akapiga miayo, akasema vitabu hivyo huandikwa na watu wembamba. Kupimwa kulikuwa ghorofa moja tu juu, bure kwa wafanyakazi, lakini yeye alishikilia kwamba mtafuta ugonjwa haukosi. Siku tatu aliambiwa, siku tatu alijibu kwa mzaha.

Siku ya nne Mama Miwani alianza vingine. Alisema amesoma habari za mama mmoja, mpishi wa shule, mcheshi, kichwa kikimgonga anakifunga kitambaa na kuendelea kukoroga sufuria. Kibonge akatega sikio. Hadithi ilikwenda wiki nzima, shuka kwa shuka, mpaka mpishi akaanguka jikoni na mkono mmoja ukakataa kuinuka.

Kibonge aliketi juu ya kikapu cha nguo. "Alipona?"

"Sijafika huko," alisema Mama Miwani, na hilo lilikuwa kweli, maana sehemu hiyo alikuwa bado hajaitunga.

Kesho yake Kibonge alipanda ghorofani mwenyewe. Alishuka na paketi ya vidonge na uso usio na mzaha. Muuguzi alimpima mara mbili, hakuamini macho yake. Kisha Kibonge akasema amekuwa akimwombea yule mpishi, na kina mama wa kikundi chake cha maombi nao wamekubali kumwombea, ila wanataka jina lake.

Mama Miwani alipima pande zote mbili. Akisema kweli, Kibonge ataona amechezewa na vidonge atavitupa. Akinyamaza, watu wazima watapiga magoti kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na Mungu anaona. Akaweka shuka mezani.

"Dada, mpishi hayupo. Nimemtunga mimi. Kitabu ni kile kile cha presha."

"Na kile kichwa kinachogonga?"

"Kichwa ni chako."

Kibonge akanuna. Wakakunja mashuka thelathini, wakikutana katikati kila mmoja akitazama pembeni. Mwishowe Kibonge alichukua chupa ya maji, akatoa kidonge, akakitazama, akakimeza.

"Jina nitawapa langu," alisema. "Ila huyo mpishi umponye leo hii. Siwezi kurudi nyumbani na mtu yuko sakafuni jikoni."

Akashika ncha ya shuka lililofuata, akangoja.