Programu Haikatwi Vipande

Karakana nzima walimwita Mama Waya, na mwenyewe aliitika. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, aliukagua ule waya mrefu uliotoka kwenye kompyuta ya ofisini, ukapita mferejini chini ya sakafu, ukaja kuingia ubavuni mwa mashine yake ya kuchonga chuma. Mashine yenyewe ya zamani, kichwa kidogo. Programu fupi iliihifadhi; ya mistari laki mbili haikuingia. Basi kompyuta iliilisha kidogo kidogo, kama mtoto na kijiko: ikijaa, mashine husema ngoja, ikimeza, husema lete. Kisu hakisimami.

Mwezi ule kikaanza kusimama. Katikati ya kazi taa nyekundu inawaka, kisu kinaacha kovu kwenye chuma. Kalibu mbili za kutengenezea mabeseni ya plastiki zikatupwa.

"Kata programu vipande kumi na viwili," meneja akaamuru. "Kila kipande kiingie kizima, waya upumzike."

"Kila kiungo kitaacha alama. Beseni lenye mistari kumi na mmoja utalinunua wewe?"

"Basi kalibu ya tatu ikiharibika, mashine inakwenda kwa wa vyuma chakavu. Na wewe nyumbani."

Miaka kumi na tisa amekuwa naye huyo mzee wa chuma. Hakulia. Alichukua penseli akaandika ukutani kila mahali mashine ilipokwamia. Leo mstari wa elfu tisa, kesho wa elfu hamsini. Kosa lingekuwa la programu, ingejikwaa palepale kila mara. Akaandika na saa. Saa zote zikawa zile za kazi ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyechomelea mageti nyuma ya ukuta. Umeme wake ulipita mfereji uleule. Shemeji akichoma, herufi moja inaharibikia njiani, mashine inashindwa kusoma.

Meneja alipoelezwa kwamba waya wa kuchomelea utolewe mferejini, upitishwe ukutani, alicheka. Hawezi, alisema, kutoboa ukuta kwa ajili ya mashine kikongwe.

Siku ya kalibu ya tatu, Mama Waya aliianzisha programu saa mbili asubuhi, nzima kama ilivyo. Halafu akabeba kiti hadi mlangoni, chini ya swichi ya kuchomelea, akakaa. Macho kwenye mashine, mgongo kwenye swichi.

"Shemeji, nipishe niwashe."

"Huwashi."

"Nina geti la watu hapa."

"Lina haraka ya kwenda wapi? Chukua msasa ulitoe kutu."

Shemeji akajikuna kisogo. "Marehemu kaka aliniambia, ukishakaa mahali hung'oki."

"Alijua. Alijaribu."

Saa tano meneja akaja, viatu vinang'aa. "Inuka hapo."

"Saa nane."

"Nakuandikia barua ya kukufukuza."

"Andika. Taratibu, usikosee herufi. Nitaisoma kisu kikimaliza."

Akaenda kuandika kweli. Mama Waya alinywea chai palepale, miguu ikafa ganzi, akaibadilisha. Kila mashine iliposema ngoja, na yeye alishusha kikombe. Ikisema lete, anameza.

Saa nane na robo kisu kikapanda juu, chenyewe, bila taa nyekundu. Mteja, mwenye kiwanda cha plastiki, alipitisha ukucha ndani ya kalibu kutoka ukingo hadi ukingo. Akarudia. Ukucha haukukwama popote.

"Nataka nyingine nne," akasema.

Meneja aliikunja karatasi yake ikaingia mfukoni. "Haya, Mama Waya, umefanya kazi. Sasa mpishe mwenzako awashe."

Hakuinuka. "Waya kwanza."

"Lakini ukuta..."

"Pa kutoboa nimeshapatia alama. Hapa, karibu na sikio langu."

Shemeji alikuwa amelisugua geti lake mpaka halina tena pa kusugua. Akaenda kuleta tindo na nyundo.

"Sogeza kichwa, shemeji."

Akasogeza kichwa tu, kiti hakukiondoa. Pigo la kwanza likashuka, na vumbi la ukuta likatua taratibu juu ya viatu vya meneja.