Lebo Ambazo Chuma Hakuzibandua

Kiwandani walimwita Chuma, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa paneli za sola. Alilehemu nyaya chini ya taa kali, akasafisha kioo, kisha akabandika mgongoni mwa kila paneli lebo ya nchi yake.

Nchi iliyonunua karibu mzigo wote ikaanzisha uchunguzi. Ilidai serikali ya kina Chuma inawapa wenye viwanda ruzuku, ndiyo maana paneli zao ni rahisi mno na zinaua viwanda vya huko. Uamuzi ulikuwa haujatoka, lakini wanunuzi wakaanza kuingia mitini, kila mmoja akihofia ushuru mpya. Makontena yakadoda uani.

Asubuhi moja msimamizi, ambaye ni mume wa dada yake Chuma, alimletea boksi la lebo zenye jina la nchi jirani.

"Bandua za zamani, weka hizi. Mzigo utapitia huko."

"Lakini shemeji, paneli tumetengeneza hapa."

"Najua. Wewe bandua tu."

"Wanatuita wadanganyifu, na wewe unataka tuwape ushahidi?"

"Kwa hiyo watu walale njaa kwa ajili ya vikaratasi?"

Hilo lilimchoma. Kwenye meza ya pili palikuwa na mwenzake mwenye mimba ya kujifungua wakati wowote, na macho ya ukumbi mzima yalikuwa kwa Chuma. Hata hivyo Chuma alivua glavu, akalikalia boksi.

"Anayezitaka aje aninyanyue. Uzito wangu mnaujua."

Watu wakaangua kicheko. Mjamzito naye akavua glavu, akavuta kiti akaketi kando yake. Wengine wakafuata. Hadi mchana ukumbi mzima ulikuwa umeacha kazi, na mwenye kiwanda akaamuru boksi lirudishwe stoo.

Ushuru ulikuja vilevile, mzito kuliko walivyodhani. Nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa, na Chuma akawa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Dada yake alilia. Chuma mwenyewe aliomba alipwe kiinua mgongo chake kwa paneli zilizododa, wakampa bila ubishi.

Sasa anafunga umeme wa jua kwenye mapaa ya mtaani. Kuna wiki za kazi na wiki za kupiga miayo. Akiulizwa kama anajuta, husema angelikalia boksi lile tena.

Shemeji, ambaye naye alipunguzwa baadaye, bado amemnunia. Juzi alimtuma mkewe akaulize kama kuna kibarua.

"Mwambie aje mwenyewe," Chuma alijibu kutoka juu ya paa, "na aje na ngazi."